Kongoti hawaumwi: kuhusu ile miguu myeupe

Ndugu, umeuliza kama kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara unaowaona jalalani Kampala, ni wagonjwa, maana miguu yao ni myeupe kama iliyopakwa chokaa. Hapana, ni wazima kabisa. Miguu yenyewe ina rangi ya kijivu iliyokolea. Weupe ule ni kinyesi chao: jua likiwa kali hujinyea miguuni makusudi, na majimaji yanapokauka huondoka na joto la mwili.

Lile fuko la waridi linaloning'inia shingoni nalo si la kuwekea chakula, kama wengi wanavyodhani. Ni la hewa, hulijaza wakati wa kutishiana na kuchumbiana.

Upara pia una kazi, kwa sababu kichwa huingia ndani ya mzoga na manyoya yangegandamana kwa damu. Ila mdomo wake, pamoja na ukubwa wote ule, hauwezi kuchana nyama vizuri. Ndiyo maana husimama pembeni akingoja tai wafungue mzoga, kisha hudokoa vipande na kuvimeza vizima.

Mimi huvutiwa zaidi na ulezi wao. Hutaga kiangazi, maji yanapopungua na samaki kubaki vidimbwini. Mayai ni 2 au 3, dume na jike huatamia kwa zamu kwa siku kama 30, halafu makinda hukaa kiotani zaidi ya miezi 3 wakiletewa samaki, vyura na panya.

Tafadhali msiwapige mawe. Wakisumbua nyumbani, funikeni taka. Wakikosa chakula watahama wenyewe.