Majina ya watu wetu yako wapi

Mwanangu,

Salamu kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, ila magoti ya mama yako hayapatani na baridi ya mwezi huu. Picha za lango la Menin huko Ieper, Ubelgiji, tumeziona, na swali lako nimelisoma: kama Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa mpaka kwetu, mbona majina ya watu wetu hayapo popote?

Hayapo kwa sababu wenye ofisi na kalamu waliamua yasiandikwe. Lango ulilopiga picha lina majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na lilizinduliwa 1927. Mwaka huohuo ilisimamishwa sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Maandishi yake yanawakumbuka askari, na pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mtu hakuna hata moja.

Na wapagazi ndio waliokuwa wengi. Huku farasi na maksai walikufa kwa mbung'o, magari yakakwama kwenye tope, kwa hiyo kila kitu kikapanda kichwani kwa mtu: unga, risasi, mahema, hata vyombo vya chai vya maofisa. Waingereza peke yao walichukua watu wanaokaribia milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000 au zaidi. Wajerumani nao walikamata watu vijijini, wengine wakiongozwa kwa kamba.

Risasi haikuwaua wengi. Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyesomea hesabu: mtu anabeba unga kilo 25, naye anatakiwa ale kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, amekula karibu mzigo wote. Jeshi likisogea mbali zaidi na reli, wanahitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na anayepunguziwa chakula kwanza ni yuleyule mbebaji. Halafu huo unga wenyewe ulikuwa wa mahindi, umesagwa chengachenga, kwa watu waliozoea ndizi au wali au uwele. Wanafika kambini usiku, kuni zimelowa, ugali unasongwa nusu mbichi na unaliwa hivyohivyo. Asubuhi mtu anahara damu, na mzigo unamngoja.

Baba yake bibi yangu alikuwa mmoja wao. Ulidhani alikuwa askari. Hapana, alichukuliwa kubeba mizigo baada ya Waingereza kuingia Dodoma katikati ya 1916, Wajerumani waliporudi nyuma kuelekea kusini. Hakurudi. Mshahara wake haukuletwa, wala hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Nyumba nyingi za Wagogo zina habari kama hiyo.

Waliobaki nyumbani nao hawakupona. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe na nafaka, Waingereza wakachukua tena, vijana wa kulima wameondolewa, kisha mvua ikagoma. Hiyo ndiyo njaa tunayoiita Mtunya, kuanzia 1917. Ugogo inakadiriwa ilipoteza watu 30,000, kama mtu mmoja kati ya kila watano. Bibi alisimulia kwamba mama yake alichemsha ngozi ya kulalia, akaikata vipande vidogovidogo, watoto wakatafuna kwa zamu. Homa kubwa ya mafua ya 1918 ikawakuta wakiwa hivyo. Sijawahi kuona mnara wa Mtunya mahali popote, na kusema kweli hilo linaniuma kuliko habari za lango.

Vita yenyewe ilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alisalimisha silaha tarehe 25, pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Kwa hizo wiki mbili watu walikuwa bado wanabeba mizigo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Miaka ya 1920 maofisa walikubaliana makaburi ya Waafrika yaachwe yarudi kuwa pori. Mzungu aliyekufa kambi hiyohiyo, kwa kuhara kulekule, alichongewa jiwe.

Kwa kuwa uko Ubelgiji, nina kazi ya kukupa. Walioiteka Tabora Septemba 1916 ni jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, na jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye aliongezewa heshima ya kuitwa "wa Tabora". Mizigo yao pia ilibebwa na Wakongo, maelfu kwa maelfu. Ukienda Brussels, niangalizie kama kuna mahali wapagazi hao wameandikwa, kisha nitumie picha, iwe kubwa kidogo maana miwani yangu imechoka.

Mama anauliza kama unakula vizuri.

Baba yako