Programu Ikifa, Nani Anazima Pampu?

Mama mwenye kitalu alinipigia simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, kompyuta yako imelala, lakini pampu imekesha." Nilipanda bodaboda kutoka Moshi mjini hadi Kibosho, nikakuta viriba vya miche ya kahawa vimefurika hadi udongo unamwagika pembeni, tangi la lita 5,000 likiwa tupu, na pampu ikinguruma bila maji, ya moto kiasi cha kutoshikika. Juu ya kibao cha rilei, ile swichi ya umeme ambayo kompyuta huitumia kuwasha na kuzima pampu, taa ndogo nyekundu ilikuwa bado inawaka. Programu yangu ya kuendesha pampu ilikuwa imekufa tangu jioni.

Niliiua mwenyewe. Jioni ile, nikiwa nyumbani, niliona imekwama ikisubiri jibu la kihisi cha unyevu, nikaandika kill -9, amri ya kuua programu papo hapo, na kupanga kuweka toleo jipya kesho yake, bila kukumbuka kwamba zamu ya kumwagilia ilikuwa haijaisha. Pampu niliilipia, na sehemu ya miche pia. Naandika haya kwa vijana wanaotengeneza mifumo kama hii Moshi na Arusha, ya umwagiliaji, ya vifaranga, ya mizani, kwa sababu kosa hili halionekani kabisa unapofanyia majaribio mezani.

Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, unapokufa kwa namna yoyote ile, kiini cha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe, huchukua tena kumbukumbu uliyokuwa ukiitumia, hufunga mafaili yote uliyoyaacha wazi, na huachia kufuli zilizowekwa kwa flock, njia ya mfumo ya kuzuia programu mbili kushika faili moja kwa wakati mmoja. Kazi hiyo huifanya kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo ndio unaotufanya tuamini kwamba kila kitu kimerudi mahali pake. Lakini kiini hakijui kwamba pini namba 17 imeunganishwa na pampu. Maktaba ya programu niliyoitumia kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kitaluni, huandika moja kwa moja kwenye rejista za chipu, vihifadhi vinavyoshikilia hali ya kila pini, na rejista haina habari kama aliyeiandika yu hai au amekufa: pini iliyoshushwa umeme hubaki chini, na rilei iliyoshika huendelea kushika. Ndivyo ilivyo pia kwa kumbukumbu ya pamoja iliyo kwenye /dev/shm, ambayo hubaki hadi mtu aifute au mashine izimwe, na kwa dirisha la amri linaloacha kuonyesha herufi unazoandika baada ya programu iliyolibadilisha kufa ghafla. Mfumo hurudisha kilicho chake. Hali ya kifaa ni juu yako.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua programu yako hufa kwa njia zipi. Katika lugha ya Python, ukibonyeza Ctrl-C hutokea KeyboardInterrupt, na sehemu ya finally, ile ya usafi wa mwisho, hutekelezwa kama ulivyotarajia, jambo linalowadanganya wengi, maana ndiyo njia pekee wanayoijaribu. Huduma ikisimamishwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hupokea SIGTERM, ishara ya kuitaka isimame, na ishara hiyo, kama hukuiandalia mpokeaji, huua programu bila kupitia finally wala kazi za wakati wa kutoka ulizoziandikisha kwenye atexit. Dawa yake ni fupi: andikisha mpokeaji wa SIGTERM anayeita sys.exit, na finally itafanya kazi yake. Anayeandika kwa C asifanye usafi ndani ya mpokeaji wa ishara, kwa kuwa printf na malloc si salama humo. Aweke tu alama katika kigeu cha aina ya volatile sig_atomic_t, kisha mzunguko mkuu uione na kutoka kwa utaratibu. Ama SIGKILL, ambayo ndiyo ile namba 9, haipokelewi na programu yoyote, na umeme unapokatika hakuna hata ishara.

Kuhusu mpangilio, kanuni ya kawaida ni kuachia vitu kinyume na ulivyovichukua, nami naifuata isipokuwa mahali pamoja: kile kinachoweza kuleta madhara huzimwa kwanza. Zamani programu yangu ilikuwa ikituma kumbukumbu za siku kwenye seva kabla ya kuzima pampu. Mtandao ukisuasua, usafi wote husimama hapo, na systemd husubiri sekunde 90 kwa kawaida yake kabla ya kupiga SIGKILL. Sasa pampu huzimwa kabla ya jambo lingine lolote, na amri ya kuizima imeandikwa ili iweze kurudiwa mara tatu bila kuleta kosa. Zaidi ya hapo nimeweka ExecStopPost, amri ya systemd ya kuendeshwa baada ya huduma kusimama, kwenye faili la huduma, iwe na programu ndogo ya kuzima pampu tu, kwa sababu hiyo huendeshwa hata pale programu kuu inapoanguka yenyewe.

Somo jingine nililipata kwenye mzani wa kupokelea kahawa. Ili programu mbili zisisome mzani mmoja kwa wakati mmoja, nilikuwa nikiandika namba ya mchakato katika faili la kufuli ndani ya folda ya programu. Umeme ulikatika wakati wa kupima, ukarudi, na namba iliyobaki kwenye faili ikawa sasa ni ya mchakato mwingine kabisa. Programu yangu ikaona mwenye kufuli yu hai, ikakataa kuwaka. Wakulima walisimama kwenye foleni na magunia yao mgongoni mpaka nilipofika kulifuta faili lile kwa mkono. Nilihamia flock siku hiyohiyo.

Hata hivyo, yote hayo nayahesabu kuwa ni nusu ya kazi. Jambo ninalolishikilia zaidi ni kwamba programu inapaswa kuanza kila mara kana kwamba iliyoitangulia ilikufa vibaya: izime pampu kwanza, iweke upya kasi ya mlango wa siriali, ule wa kuunganishia vifaa, isiamini hali yoyote iliyoikuta, ndipo iulize kama ni saa ya kumwagilia. Nilihamisha rilei pia kutoka pini 17 hadi pini 5. Kibao changu huwasha rilei pini inaposhuka, na kwenye Raspberry Pi pini 0 hadi 8 huvutwa juu wakati wa kuwaka, ilhali 9 hadi 27 huvutwa chini.

Mwisho kabisa inahitajika akili nje ya kompyuta. Kati ya Raspberry Pi na rilei nimeweka Arduino ndogo, kibao chenye chipu na programu yake, inayopokea herufi moja kila sekunde. Ikikosa herufi kwa sekunde 5 huachia rilei bila kumwuliza mtu, na waya za pampu zimefungwa kwenye mguso ulio wazi wakati rilei haina umeme. Hiyo ndiyo inayoshughulikia SIGKILL, kukwama, na kebo iliyochomoka.

Nilipomaliza nilimwita mama asimame karibu na pampu. Niliiwasha, nikaandika kill -9 kama nilivyofanya jioni ile, tukasikiliza. Maji yaliendelea kuruka juu ya viriba, moja, mbili, tatu, nne, kisha rilei ikalia tiki na taa nyekundu ikazimika. Akaniambia nirudie. Mara ya pili aling'oa plagi ya kompyuta yeye mwenyewe.