Msimu wa 2024 wa ligi ya wanawake Marekani (NWSL) kwa macho ya anayeishi Kansas City

Mleta uzi umeuliza kama NWSL kweli ni ligi ya maana au ni jina tu, na kwanini mastraika Barbra Banda wa Zambia na Temwa Chawinga wa Malawi wakaenda Marekani badala ya Uingereza au Hispania. Alafu nimepitia majibu ya hapo juu, kuna mkuu kasema ligi isiyokua na kushuka daraja ni bonanza, mwingine kasema mabao 20 ya Temwa straika yeyote wa Simba Queens angeyafunga. Mimi naishi Kansas City, mji wa timu ya Temwa, na ule msimu wa 2024 nimeufuata kuanzia Machi mpaka Novemba, mechi nyingine uwanjani nyingine kwa tv, kwahiyo mnivumilie nitaandika kirefu kidogo maana hili jambo nalipenda sana.

Na niseme kabisa natokea wapi. Bongo nilicheza ligi ya mkoa, beki wa kulia. Timu siitaji. Mazoezi yetu yalikua yanaanza wanaume wakishamaliza, na wao wanamaliza wanapojisikia, kwahiyo siku nyingi tunaingia uwanjani jua linazama, tunacheza dakika chache mpira hauonekani tena, tunavaa kanga zetu tunarudi nyumbani. Viatu tunaazimana, unayecheza kipindi cha kwanza unamvulia wa kipindi cha pili. Nimeyaweka haya mapema kwasababu ndo miwani niliyoangalia nayo huu msimu mzima.

Sasa tarehe 16 Machi 2024 Kansas City Current, ndo timu ya Temwa, walifungua uwanja wao, CPKC Stadium, uko kando ya mto Missouri, unaingiza watu 11,500. Huu ndo uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa ajili ya klabu ya wanawake ya kulipwa. Zilitumika zaidi ya dola milioni 100. Mechi ya ufunguzi walicheza na Portland Thorns ikaisha 5-4, mabao tisa jamani, watu tumetoka pale hatuna sauti. Na mechi zote za ligi za nyumbani msimu ule tiketi ziliisha.

Watu wakisikia uwanja wanafikiria viti na taa tu. Kumbe uwanja ni ratiba. Ukiwa mpangaji kwenye uwanja wa wanaume wewe unachezeshwa Jumatano saa za ajabu, nyasi zimechakazwa, na wakiwa na shughuli yao unahamishwa. Ukiwa na wako unacheza Jumamosi jioni mtu akiwa hayuko kazini, na nyasi zimekatwa kwa ajili yako. Mimi nilikaa pale nikaangalia mabinti wanapasha misuli mchana kweupe, uwanja wote wao, hakuna anayewasubiri watoke, na nikalia kweli.

Tuje kwenye ligi yenyewe. 2024 ilikua na timu 14, kila timu mechi 26. Anayeongoza msimamo anapewa ngao, alafu timu nane za juu zinaingia mtoano wa mechi mojamoja mpaka fainali, na anayeshinda fainali ndo bingwa. Kushuka daraja hakuna, hilo kweli. Lakini mliosema bonanza mmeacha kitu kikubwa: kuna ukomo wa mishahara, mwaka ule ulikua dola milioni 2.75 kwa timu. Maana yake hakuna timu moja inayoweza kukusanya mastaa wote ikawapiga wengine nane bila kila wiki. Angalia kwetu au ata ligi nyingi za Ulaya za wanawake, kuna timu mbili tatu na waliobaki wanasindikiza, straika wa timu kubwa anapata mabao kumi dhidi ya timu tatu za chini. Kule NWSL timu ya nafasi ya kumi na mbili inaweza kukufunga na hakuna anayeshangaa.

Ndo maana yale mabao 20 ya Temwa ni mazito. Rekodi ya msimu ilikua ya Sam Kerr wa Australia, mabao 18, mwaka 2019. Temwa akaipita kwa mabao mawili, tena kwenye msimu wake wa kwanza kule, na aliifunga kila timu aliyokutana nayo, zote 13. Hakuna aliyewahi kufanya hivo kabla yake. Akabeba kiatu cha dhahabu na mchezaji bora wa msimu. Mkuu unayesema yeyote angefunga, nakuomba utafute mechi zake uangalie anavokimbia bila mpira. Kwenye tv unaona bao tu. Uwanjani unaona dakika zote zile kabla ya bao, anamkimbiza beki wa kati anayerudisha kwa kipa, anarudi, anakimbiza tena, dakika ya 70 yule beki keshachoka kuamua, anachelewa nusu sekunde na Temwa keshapita. Mimi nilikua beki, najua huo uchovu unavokaa kwenye miguu, na nikawa namuonea huruma beki wa timu pinzani hata kabla mpira haujafika.

Kuna familia ya Wamalawi walikua wanakaa upande wetu na bendera yao, na jirani yangu Mkongomani wa Lubumbashi ndo tulikua tunaenda nae, Kiswahili chake na changu kinapishana lakini Temwa akishika mpira wote tunapiga kelele moja. Binti katoka Rumphi, kaskazini mwa Malawi, si mbali na mpaka wetu wa Kyela. Kapita Sweden, kapita China akiwa na Wuhan Jianghan, 2023 akiwa huko alikua mfungaji bora wa dunia kwa mabao 63 kwenye mashindano yote. Dada yake Tabitha nae ni moto, alikua PSG akaenda Lyon. Ndugu wawili nyumba moja, hebu fikiria.

Sasa pamoja na mabao yote hayo Current hawakuchukua ngao wala ubingwa wa ligi. Walifunga 57, wakaongoza ligi nzima kwa mabao, wakamaliza wa nne na pointi 55. Mwaka ulikua wa Orlando Pride. Hawa walicheza mechi 23 bila kufungwa kuanzia mwanzo wa msimu, wakachukua ngao mapema Oktoba kwa kuwapiga Washington Spirit 2-0, na siku chache baadae ndo Portland wakawafunga mara ya kwanza. Walimaliza na pointi 60, ushindi 18, sare 6, wakapoteza 2.

Orlando ndo timu ya Barbra Banda. Alisajiliwa Machi kutoka Shanghai Shengli kwa ada iliyotajwa kuwa dola 740,000. Tofauti na Temwa yeye hakukimbizi, anakusukuma. Ana bega, ana mguu wa kushoto, na aliwahi kuwa bondia kabisa, ukimgusa wewe ndo unaanguka. Alifunga 13 kwenye ligi. Katikati ligi ilisimama kwa ajili ya Olimpiki ya Paris, akaenda kuichezea Zambia, kule alipiga hat trick dhidi ya Australia na bado wakafungwa 6-5. Akarudi Orlando akaendelea na kazi. Na nyuma yake kulikua na Marta, yule yule Marta wa Brazil, miaka 38, nahodha, yuko Orlando tangu 2017 na alikua hajawahi kubeba kombe la ligi hii.

Nusu fainali tarehe 17 Novemba wakakutana Orlando na Current, yaani Banda na Temwa uso kwa uso. Tuliangalia kwa jirani, sebule imejaa. Current wakatangulia. Orlando wakasawazisha kipindi cha pili, Banda akafunga la pili, alafu dakika ya 82 Marta akachukua mpira akaanza kupita watu, mmoja, wa pili, kipa nae akapitwa, akaweka kambani. Nyumba nzima ya watu wa Kansas City ikanyamaza kwanza alafu ikapiga makofi, maana lile bao hata kama limekuumiza unalipigia makofi. Current wakapata moja mwishoni, ikaisha 3-2.

Fainali tarehe 23 Novemba, na uchungu wake ni kwamba ilipangwa mapema kuchezwa hapahapa kwetu CPKC, kwahiyo uwanja wetu wageni wakaja kubebea kombe. Dakika ya 37 Banda akatokea kulia, akaingia ndani na ule mguu wa kushoto, 1-0 dhidi ya Washington. Washington walisukuma kipindi chote cha pili haikuingia. Banda akawa mchezaji bora wa fainali, mabao manne kwenye mechi tatu za mtoano. Kocha wao Seb Hines akawa kocha mweusi wa kwanza kubeba ubingwa wa NWSL. Desemba CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakampa Banda tuzo ya mchezaji bora wa Afrika.

Kuna wengine siwezi kuwamaliza. Racheal Kundananji wa Zambia alitoka Madrid CFF kwenda Bay FC Februari 2024 kwa kama dola 860,000, wakati ule hiyo ilikua rekodi ya dunia ya usajili wa mwanamke. Asisat Oshoala wa Nigeria nae alitoka Barcelona akaenda hukohuko Bay FC, timu mpya kabisa, na ndie aliyefunga bao lao la kwanza kwenye historia, ugenini Los Angeles.

Kwahiyo kwanini sio Ulaya? Pesa ni jibu la kwanza na halina aibu. Mwaka huohuo 2024 ndo mkataba mpya wa tv ulianza, dola milioni 240 kwa miaka minne. Jibu la pili ni kwamba mtu kama Temwa au Banda tayari alikua anafunga China ambako watu wa Ulaya hawaangalii, na hawa Wamarekani wakaangalia. Na la tatu, ambalo lilikuja wao wakiwa washafika lakini kwa mtazamo wangu ndo kubwa kwa wanaowafuata, ni mkataba wa wachezaji na ligi wa Agosti 2024. Kabla ya hapo binti akitoka chuo alikua anachaguliwa na timu kwa zamu, hana sauti aende wapi, na timu ilikua inaweza kukubadilishana na timu nyingine wewe ukaambiwa tu fungasha. Mkataba mpya ukafuta yote mawili: hakuna tena kuchaguliwa, huwezi kuhamishwa bila ridhaa yako, na mishahara inalindwa ndani ya mkataba.

Hayo hayakuja kwa huruma ya mtu. 2021 ile ligi ilitikisika kwa kesi za makocha kunyanyasa wachezaji, wengine kingono, wachezaji wakagoma kucheza mechi za wikiendi nzima, 2022 ikatoka ripoti ya uchunguzi, na Januari 2023 makocha wanne wakafungiwa maisha. Ukimuona Temwa anacheza kwa uhuru ujue kuna waliosimama katikati ya uwanja wakashikana mikono wakagoma kabla yake. Mabinti wa Bongo wanaosoma huu uzi, hilo mlishike kuliko ata mabao: umoja wa wachezaji. Sisi tulikua tunalalamika njiani tukirudi nyumbani, mmojammoja, na kesho yake tunaingia giza lilelile.

Na msiseme Temwa na Banda ni watu wa sayari nyingine. COSAFA ya 2021, yale mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, Twiga Stars wetu, timu ya taifa ya wanawake, waliwafunga Malawi 1-0 fainali, bao la Enekia. Tumeifunga nchi ya Temwa. Clara Luvanga alienda Saudi Arabia na Al Nassr akawa anafunga, Aisha Masaka alipita Häcken ya Sweden akaenda Brighton. Vipaji vipo. Tunachokosa ni mechi nyingi za ushindani kwa mwaka, uwanja unaopatikana mchana, na mtu wa kukusomea mkataba kabla hujasaini. Hili la mkataba nalisisitiza, kama kuna wakala anakuharakisha usaini leoleo bila kumuonyesha mtu yeyote, muache aende.

Mleta uzi uliuliza pia kuhusu kuangalia. Ligi ina apu yake, NWSL+, ilianza 2024, kwahiyo anzia hapo. Shida ni saa. Mechi ya saa moja jioni ya Kansas City kwenu ni saa tisa usiku, na Novemba wakirudisha saa nyuma inakua saa kumi alfajiri. Tafuta zile zinazochezwa mchana wa Jumamosi huku, Bongo inakua saa mbili au saa tatu usiku. Kama ni mara yako ya kwanza usianze na mechi ya msimu wa sasa, anza na ile nusu fainali ya Orlando na Kansas City, iangalie yote, usiangalie mabao peke yake, alafu rudi hapa uniambie kama bado unaiita bonanza.