Padri Fermoyle ningemnyima senene

Wiki hii mmeuliza filamu gani ya zamani imewahi kugombanisha watu nyumbani kwako. Mimi wala sifikirii mara mbili, ni The Cardinal ya mwaka 1963, na ugomvi wenyewe mpaka naandika hapa haujaisha.

Kwanza mjue kwetu kukoje. Sisi ni watu wa Bukoba na mdogo wangu ni padri. Nimembeba mgongoni huyo, nimemfulia kaptula, ila tangu apate upadirisho hata mama aliyemzaa anamwita Faza, akija likizo kiti cha marehemu baba anakalia yeye, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, anawekewa sahani yake peke yake (na zamani wanawake wa kwetu walikuwa wanawakamata tu hao senene, kula hawali, basi mama bado ana hiyo tabia), na jambo lolote la ukoo, iwe kibanja, iwe mahari, iwe nani asimamie ndoa ya nani, tunasubiri Faza aseme kwanza.

Sasa Krismasi iliyopita akaja na muvi kwenye laptopu, akasema ni nzuri, inahusu padri wa Boston, Stephen Fermoyle, anayepanda mpaka kuwa kardinali. Ni ndefu balaa, inakaribia masaa 3, inaanza siku anayopewa ukardinali halafu yeye mwenyewe anakumbuka alikotoka. Director ni Otto Preminger, Myahudi aliyefanya kazi ya tamthilia Vienna kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1935. Steringi ni Tom Tryon, kijana mzuri wa sura, ila kiukweli uso wake haubadiliki, akifurahi vile, akifiwa vile.

Ugomvi ulianzia kwenye kitubio. Stephen ana dada yake mdogo, Mona, anampenda kijana wa Kiyahudi anaitwa Benny, na nyumbani hawataki. Mona anaenda kuungama, na anayekaa ndani ya kile kiboksi ni kaka yake mwenyewe. Anamwambia yote, kwamba ameshalala na Benny. Hapo mimi nikawa nasubiri kaka atoke, jamani, atoke tu amshike mkono waende wakaongee. Wapi! Anajibu kipadri, kwamba Benny aachwe. Mona anakurupuka anakimbia, anatoroka na nyumbani, anaishia kucheza dansi kwa pesa na mwanaume mwingine, anapata mimba.

Wanakuja kumpata akiwa kwenye uchungu. Mtoto kichwa kikubwa, hapiti, na daktari anamwambia Stephen ukweli: ili mama apone inabidi kichwa cha mtoto kipondwe. Stephen anakataa. Mona anafariki, mtoto anabaki, na huyo mtoto akikua anaigizwa na Carol Lynley yule yule aliyekuwa Mona, yaani Stephen atamwona dada yake anatembea mbele yake.

Mama akasimamisha, sio laptopu, alimsimamisha Faza. Akamuuliza, "Hivi daktari anamuuliza padri kwa nini?" Mdogo wangu akaanza kueleza, akasema Roma tangu mwaka 1884 ilishatamka kwamba si salama kufundisha kuwa kumpasua mtoto kichwa ni halali hata kama mama atakufa, kwa hiyo Stephen hakuwa na ruhusa ya kusema ndiyo, amri si yake. Mama akasema sijakuuliza amri, nimekuuliza kwa nini anaulizwa yeye. Kimya. Mama amezaa 7, 2 amewazika, na mmoja alikaa naye kwenye uchungu siku nzima na usiku, kwa hiyo akiongea habari za leba huwa hatumkatizi.

Msidhani muvi nzima naiponda. Kuna Kardinali Glennon, bosi wa Stephen, anaigizwa na John Huston ambaye mwenyewe ni director mkubwa tu, na mzee yule kila akiingia anawameza wenzake wote. Anamwona Stephen ana tamaa ya vyeo, anamtupa parokia ya maskini kwa padri mgonjwa, Ned Halley, ili ajifunze unyenyekevu. Halafu Halley akiwa anakufa Glennon anakuja mwenyewe pale kitandani, na kumbe walikuwa marafiki. Ile sehemu nililia. Huston alipata tuzo ya Golden Globe, Oscar wakamtaja tu, na muvi yenyewe ilitajwa Oscar mara 6 ikaondoka mikono mitupu.

Baada ya Mona kufa Stephen anavua kola kwanza, anaenda kufundisha Vienna, anapendwa na binti mmoja (Romy Schneider), ila anarudi upadri. Kisha kuna Padri Gillis, mweusi wa Georgia, Ossie Davis huyo, kanisa lake limechomwa moto, anafunga safari mpaka Roma kuomba msaada. Stephen anamfuata Georgia na kule anachapwa viboko na Ku Klux Klan, wale wazungu wabaguzi. Mama hapo akacheka, akasema huyo Gillis angepiga hodi kwa Kardinali Rugambwa, Mwafrika mwenzake. Kahesabu vizuri: Rugambwa wetu alipewa ukardinali mwaka 1960, na mwaka huo huo wa 1963 muvi inatoka alikuwa ndani ya konklave, ule mkutano wa makardinali, iliyomchagua Papa Paulo wa 6. Sehemu hiyo ya muvi ni ya mambo ya miaka ya 30, najua, lakini mwache mama acheke.

Mdogo wangu yeye anapenda pale Vienna mwaka 1938, Hitler anaingia Austria na Kardinali Innitzer wa hapo Vienna anamkaribisha, Stephen anatumwa na Roma kumzuia. Innitzer alikuwepo kweli, alisaini tamko la kuwaunga mkono Wanazi, na barua ya kulipeleka akaimalizia kwa mkono wake "Heil Hitler", ikafika Oktoba vijana wa Kinazi wakavamia nyumba yake wakavunja kila kitu. Faza anasema hapo ndo Stephen anaonekana mwanaume. Mimi namwambia sawa, kwa Hitler amepata maneno ya kusema, kwa Mona alikuwa wapi? Na kila akivurunda wanampandisha cheo!

Basi hatukuimaliza usiku ule. Faza alifunga laptopu akaenda kusali masifu yake, sahani ya senene akaiacha nusu, na mama, nimemwona kwa macho yangu, akaivuta akala.

Pasaka anakuja tena. Kashatuma meseji eti tuanzie pale Vienna. Nimemjibu tunaanzia kwenye kitubio.