Injinia wa Maziwa Yetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, sheria imkataze asiyesajiliwa kujiita injinia wa programu?" Nilikuwa tayari na "ndiyo" yangu, mpaka nikakumbuka yaliyotupata huku Njoro, Kenya.

Ushirika wetu wa maziwa uliletewa programu ya kuandika kilo kwenye kompyuta. Mwenye kuileta alikuwa na kadi yenye "Eng." mbele ya jina, tukampisha kiti cha mwenyekiti. Mwezi wa kwanza malipo yangu yakashuka. Nikasema ni ng'ombe. Nikabadilisha chakula, nikamgombeza bure kijana anayekamua. Mwezi wa pili nikamwomba karani tulinganishe na daftari la zamani, ambalo kwa mazoea tu alikuwa bado analiandika. Mstari wa kwanza: mizani 7.8, kompyuta 7. Jioni: mizani 5.6, kompyuta 5. Tukakaa hadi stima ikawashwa, yeye anasoma, mimi napiga hesabu nyuma ya risiti ya dawa ya kupe. Pointi zote, yaani tarakimu baada ya nukta, zilikuwa zimemezwa, za kila mkulima, asubuhi na jioni. Zangu peke yake zilikaribia kilo 60.

Sasa ngojeni. Alipoitwa, alikuja na vyeti vyake. Bodi ya Wahandisi inamtambua kabisa, kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011. Ni injinia wa barabara! Programu alijifunza mwenyewe usiku. Kwa hiyo, sheria mnayoiuliza ingempitisha mlangoni, na kijana wangu anayeunda tovuti bila digrii ingemfungia nje. Ndiyo maana muswada wa kusajili watu wa TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) ulipoletwa mwaka 2016 nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kuupinga.

Na bodi nazo zina makosa yao. Kule Oregon, Marekani, mkazi mmoja, Mats Järlström, alitozwa na bodi ya wahandisi dola 500 kwa kukokotoa muda wa taa za njano barabarani na kujiita injinia bila leseni. Mwaka 2018 mahakama ikampa haki ya kujiita hivyo.

Hata hivyo, ajabu, "ndiyo" yangu siifuti. Lindeni jina, lakini kadi iseme injinia wa nini. Na anayeuza programu ya kupima mali ya watu, awe na cheti au asiwe nacho, atie sahihi kwamba hesabu ikipotea atalipa yeye. Labda hilo ndilo nililotaka tangu mwanzo, sijui kama linaitwa ulinzi wa cheo.

Pesa za pointi tulirudishiwa, isipokuwa za siku nne ambazo karani alikuwa matangani.