Jibu: Picha za ndani zina vidoa vyeupe na ukungu

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: ukipiga picha ndani usiku bila flashi, sura za watu zinatoka na ukungu, ukiwasha flashi, picha inajaa vidoa vyeupe vya mviringo. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Anza na vidoa. Piga picha tatu mfululizo za ukuta uleule kwa flashi. Vikihamahama, kamera yako ni nzima, hilo ni vumbi la hewani. Kwenye kamera ndogo flashi imekaa karibu mno na lenzi, kwa hiyo chembe zilizo mbele yake zinamulikwa na kurudisha mwanga moja kwa moja. (Wapo wanaoapa kuwa ni mizimu, shauri yao.) Zima flashi, washa taa zaidi. Doa likibaki palepale, futa lenzi kwa kitambaa laini. Lisipotoka, huenda uchafu uko ndani, mwachie fundi.

Ukungu mara nyingi ni mtikisiko. Fungua taarifa za picha uangalie kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga). Ukikuta 1/15 ya sekunde, muda huo ni mrefu mno, mkono unatikisika, ndiyo sababu. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 800. Picha itakuwa na chengachenga, lakini afadhali chenga kuliko sura isiyotambulika. Usivute zumu, sogea wewe. Kama watu wametulia, weka kamera mezani utumie kipima muda cha sekunde 2. Na bonyeza kitufe nusu kwanza, subiri kisanduku kwenye skrini kigeuke kijani, ndipo umalizie.