Leseni ya serikali peke yake haitoshi Nunavut

Ndugu, umeuliza kama kampuni yenu, ikishapata leseni ya serikali ya Kanada ya kutafuta madini Nunavut, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo, bado inahitaji ruhusa ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko. Inategemea kipande chenyewe cha ardhi. Kwa Mkataba wa Nunavut wa 1993 kati yao na serikali ya Kanada, Wainuiti wanamiliki takriban kilomita za mraba 350,000, ila kwenye kama sehemu moja ya kumi tu ndiko na madini ya chini ni yao. Huko mnazungumza na Nunavut Tunngavik, shirika linalowawakilisha Wainuiti. Kwenye ardhi yao iliyobaki madini ni ya serikali lakini juu ni kwao: hampigi kambi wala kushusha mtambo wa kuchoronga bila kibali cha jumuiya yao ya eneo, kama Kivalliq au Qikiqtani. Kwa hiyo anzeni na ramani.

Na wawindaji waoneni mapema, kabla helikopta hazijapangiwa njia juu ya kulungu wa kaskazini. Februari 2021 wawindaji walifunga barabara na uwanja wa ndege wa mgodi wa chuma wa Mary River, huko huko Nunavut, wakihofia narwali, wale nyangumi wenye pembe. Novemba 2022 waziri wa serikali ya Kanada akakataa upanuzi wa mgodi huo. Bosi akisema vikao ni kupoteza muda, mkumbushe hilo.